Baasto ya Kismayu: Miaka Mia ya Chakula Kilichobadili Wenyewe

Anayeagiza baasto, yaani pasta, katika mkahawa wa Kismayu, kusini mwa Somalia, haagizi kitu cha kigeni. Sinia huletwa na spageti iliyoiva vizuri, juu yake sugo, mchuzi wa nyanya na nyama ya vipande vidogo, na kando yake ndizi mbivu isiyomenywa. Mlaji huimenya ndizi, huikata kwa vidole, huichanganya na tambi na kula kwa mkono wa kulia. Ndani ya sugo mna bizari nyembamba, giligilani, iliki, mdalasini na pilipili manga. Mtu wa Napoli ataitambua tambi na kuishangaa ndizi. Mtu wa Lamu ataitambua harufu ya viungo kabla hajaonja.

Watu wengi huieleza sahani hiyo kwa sentensi moja: Wasomali hula pasta kwa sababu walitawaliwa na Italia. Ni kweli, lakini kwa kusema hivyo tu tunampa mtawala sifa ya sahani nzima na kuwasahau waliopika, waliovua na waliolima. Katika pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni, hao ndio wenye historia hii.

Bandari iliyotolewa fidia

Katika karne ya 19 miji ya pwani hii ilihesabiwa kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1892 Sultani aliikodishia Italia bandari za Benadir, yaani Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh. Mwaka 1905 Italia ikazinunua moja kwa moja kwa pauni 144,000. Kismayu, iliyo kusini ya mto Jubba, haikuwamo katika mauzo hayo. Ilibaki kwa Waingereza, ikatawaliwa pamoja na Lamu na Mombasa. Mbajuni wa kisiwa cha Koyama aliyesafiri na dau lake kwenda Faza kuuza ng'onda hakuvuka mpaka wa dola yoyote.

Mpaka ulitoka Ulaya. Aprili 1915, katika mkataba wa siri uliotiwa saini London, Uingereza na Ufaransa ziliiahidi Italia fidia barani Afrika endapo zenyewe zingejitwalia makoloni ya Ujerumani. Deni hilo lililipwa kwa ardhi ya watu wengine. Makubaliano yalifikiwa Julai 1924, na mwishoni mwa Juni 1925 Kismayu na nchi yote iliyo nyuma yake ikakabidhiwa kwa Italia. Kwa mwaka mmoja iliitwa Oltre Giuba, ng'ambo ya Jubba, ikiwa na kamishna wake, Corrado Zoli, na hata stempu zake za posta. Katikati ya mwaka 1926 ikaunganishwa na Somalia ya Kiitaliano.

Kwa Wabajuni, makabidhiano hayo yaligawa ukoo. Watu wa Faza, Siyu na Kizingitini walibaki Kenya. Watu wa Koyama, Chovai, Chula na Ras Kamboni wakawa raia wa utawala ulioongozwa kutoka Roma. Lugha ilikuwa moja, dini moja, na kina bibi walizaliwa huku wakazikwa kule.

Pasta ilikuwa ya nani?

Ni rahisi kudhani kwamba Waitaliano walishuka Kismayu na chakula chao cha asili, kilichokamilika tangu zamani. Historia inasema vingine. Taarifa ya mapema na ya wazi kuhusu utengenezaji wa tambi kavu kwa ajili ya biashara katika nchi ambayo leo ni Italia iliandikwa kwa Kiarabu na mwanajiografia Mwislamu, al-Idrisi, mwaka 1154. Alikuwa akimtumikia Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia, na aliueleza mji wa Trabia, karibu na Palermo, kuwa unatengeneza tambi nyingi na kuzisafirisha kwa meli katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Katika kitabu hicho hicho al-Idrisi anaitaja Malindi, na anaitaja Mombasa. Tambi za Sisilia na miji ya Waswahili zilikutana katika kurasa za mwandishi mmoja karibu miaka 800 kabla ya Italia kufika Kismayu.

Nyanya nazo zilitoka Amerika. Mchuzi wa nyanya ulianza kuchapishwa katika vitabu vya mapishi vya Napoli miaka ya 1690, na ilichukua zaidi ya karne moja kabla ya mchuzi huo na tambi kuwa jambo la kawaida. Italia yenyewe iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861. Pellegrino Artusi alipochapisha kitabu chake mashuhuri cha mapishi mwaka 1891, watu wa kaskazini walikuwa wakila zaidi sima ya mahindi na wali, na kula makaroni kulihesabiwa kuwa desturi ya watu wa Napoli na kusini. Hata mwaka 1930, Kismayu ikiwa tayari mikononi mwa Italia, mshairi Filippo Tommaso Marinetti alitangaza vita dhidi ya pasta, akidai kwamba inawafanya Waitaliano wawe wazito na wavivu.

Basi chakula kilichofika Kismayu kilikuwa bado kinatafuta utaifa kwao. Waitaliano hawakuwa na haki ya kizazi juu yake kumzidi mtu mwingine yeyote ambaye angekipika. Na pwani haikukipokea kwa mikono mitupu: Waswahili huzipika tambi nyembamba kwa sukari, iliki na tui la nazi siku za sikukuu, na ujuzi wa kuunga mchuzi kwa viungo ulikuwamo jikoni tangu enzi za majahazi ya Arabuni na Bara Hindi.

Visiwani

Wabajuni ni watu wa bahari. Walivua kwa mishipi, nyavu na madema, walikata boriti za mikoko kwa ajili ya majahazi ya Arabuni, na walikuwa na ufundi wa kuwakamata kasa kwa samaki aitwaye chazo: hufungwa kamba mkiani, huachiliwa akajibandike kwenye gamba la kasa, kisha mvuvi huvuta taratibu. Chakula chao kilikuwa samaki, nazi, mtama, mahindi na wali ulipopatikana. Kuhusu maisha hayo mwanaanthropolojia Mwitaliano Vinigi Grottanelli aliandika kitabu kizima, *Pescatori dell'Oceano Indiano*, kilichochapishwa Roma mwaka 1955.

Pasta ilianzia mjini. Iliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia wapishi Waafrika waliofanya kazi katika nyumba za maofisa, askari waliolishwa na jeshi la Italia, mabaharia na makarani. Kutoka kwa hao ikahamia mikahawa ya bandarini, kisha majumbani. Ilikuwa na sifa ambazo mtu wa visiwani huzithamini: ni kavu, haiozi upesi, husafirishwa kwa urahisi katika dau, na huiva kwa muda mfupi ambapo kuni na maji matamu ni vya kubania. Mvuvi aliyeuza samaki wake Kismayu aliweza kurudi nyumbani na mchele, unga, sukari na pakiti za pasta.

Jikoni ndiko ilikobadilishwa uraia. Nguruwe na divai havikupewa nafasi. Jibini haikuhitajika. Nyama ikawa ya mbuzi, ng'ombe au ngamia, na penye bahari sugo ikapikwa kwa jodari. Pilipili, ndimu na viungo vikashika usukani. Hakuna gavana aliyetoa amri hiyo. Mabadiliko yalifanywa na wanawake na wapishi ambao majina yao hayamo katika hati yoyote ya koloni.

Ndizi na kolonya

Ndizi iliyo kando ya sahani ina historia nzito zaidi. Kando ya Jubba, katika nchi ya Gosha, waliishi wakulima ambao wazee wao waliletwa utumwani kutoka kusini: Wazigula, Wayao, Wamakua na wengineo. Walikuwa wametoroka au kuachwa huru, wakafyeka misitu ya mtoni na kujenga vijiji vyao. Wazigula wa huko waliendelea kusema Kizigula, lugha ile ile ya Handeni na Tanga.

Serikali ya Kifashisti ilipoanzisha mashamba makubwa, ilihitaji mikono. Katika miaka ya 1930 watu wa Gosha walichukuliwa kwa nguvu, wanaume kwa wanawake, wakapelekwa kulima mashamba ya Waitaliano huku yao yakiota magugu. Mfumo huo waliuita kolonya, na waliousimulia waliulinganisha na utumwa waliokuwa wameukimbia babu zao. Mwaka 1935 Roma iliunda shirika la serikali la kuhodhi biashara ya ndizi, RAMB, lililokuwa na meli zake zenye majokofu. Mtoto wa Milano alikula ndizi ya Somalia bila kujua aliyeilima. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, baadhi ya meli hizo zilifungwa mizinga, na RAMB I ikazamishwa katika Bahari ya Hindi Februari 1941.

Mwezi huo huo majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya, yakiwa na askari wa King's African Rifles (KAR), yaliingia Kismayu, na kolonya ikakoma. Lakini ndizi haikukoma. Italia iliporudishwa Somalia na Umoja wa Mataifa mwaka 1950 kuwa mlezi wa nchi kwa miaka 10, soko lake la upendeleo liliendelea kununua ndizi za Jubba na Shabelle, na baada ya uhuru wa Julai 1, 1960 zao hilo lilibaki miongoni mwa nguzo za mauzo ya nje. Kilichosafirishwa ni ndizi, na miongoni mwa vilivyorudi ilikuwamo pasta. Katika sahani moja vikakutana vitu viwili vilivyokuwa vikipishana baharini.

Ndiyo maana sikubali ndizi hiyo iitwe kituko cha mezani. Mkulima wa Gosha alilazimishwa kuikuza kwa ajili ya meza ya mwingine. Kuila hapo nyumbani, pamoja na chakula alichokuja nacho mtawala, ni haki iliyochelewa.

Baada ya mwaka 1991

Mogadishu ilikuwa na kiwanda cha pasta. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 kiliachwa gofu, na Julai 2, 1993 askari watatu wa Italia waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa katika mapigano karibu nacho. Mpaka leo Waitaliano hupaita mahali hapo Checkpoint Pasta. Mashamba ya ndizi yaligombewa na wababe wa vita na makampuni, na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakayamaliza.

Visiwani, wanamgambo walipora mashua na nyavu. Wabajuni wasio na bunduki walipanda madau yaliyosalia na kukimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, ambako waliishi katika kambi za wakimbizi kabla ya wengine kurejeshwa kwao. Wapo waliofika Uingereza na kujikuta wakitakiwa kuthibitisha kwamba wao ni Wabajuni kweli: waseme Kibajuni, wavitaje visiwa, waeleze namna ya kuvua. Watu wa Gosha nao walitawanyika. Zaidi ya 10,000 walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003, na Wazigula wakapewa makao Chogo, wilayani Handeni, katika ardhi ya mababu zao.

Baasto ilisafiri nao. Leo inauzwa Islii, Nairobi, inauzwa Garissa, London na Minneapolis, na ndizi yake haikosekani. Tuitazame na Malindi, ambako Waitaliano walianza kujenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco miaka ya 1960, wakafuatwa na wenye hoteli na watalii. Pale piza hupikwa kama kwao, kwa sababu mlaji na mwenye mkahawa mara nyingi ni Waitaliano. Kismayu Waitaliano waliondoka, na chakula kikabaki kwa wenyeji wakakifanya watakavyo. Malindi ina chakula cha Kiitaliano. Kismayu ina chakula chake.

Kitabu kikubwa kuhusu Wabajuni wa Somalia kimeandikwa kwa Kiitaliano. Sisi wasemaji wa Kiswahili, Kibajuni kikiwa jirani nasi kiasi hiki, tumeandika kidogo mno. Kina mama walioondoka Chula na Koyama wakiwa wasichana wapo bado Mombasa na Malindi, na wanajua sugo ya jodari ilivyoungwa huko kabla ya vita. Waulizwe sasa, kwa lugha yao, na majibu yao yaandikwe kwa majina ya visiwa vyao. Na kitabu kijacho cha mapishi ya pwani, kichapishwe Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, kiiweke baasto ya Kismayu katika sura moja na biriani, ambayo nayo ilitoka mbali, na kieleze bila kuficha ndizi yake ililimwa na nani.