Kinga Isiyoonekana: Mazoea ya Kila Siku na Maradhi ya Kudumu Mlimani Kilimanjaro

Kiongozi wa kikundi ahakikishe kwamba kila mtu amekaa mahali anaposikia vizuri, na kwamba kila mmoja ana daftari na kalamu. Waliochelewa wakaribishwe, nafasi ipo.

Leo hatutasoma habari za vita wala za watawala. Tutasoma historia ya vitu vya kila siku: chakula, mzigo, njia na jasho. Swali letu ni hili: kwa nini maradhi kama kisukari, shinikizo la damu na kiharusi, ambayo zamani yalisikika kwa nadra vihambani, leo yanatajwa katika kila kijiji cha Kilimanjaro?

Tuanze na siku moja ya mama wa Kichaga kabla ya kuja kwa reli. Nyumba yake imo kihambani, katikati ya migomba. Ng'ombe wake amefungwa ndani, hachungwi malishoni. Basi ni lazima majani yaletwe. Mama hushuka tambarare, hukata majani, kisha hupanda mlima na mzigo kichwani. Mahindi, maharagwe na ulezi hulimwa shamba la chini, mbali na nyumba. Kwenda ni kushuka, kurudi ni kupanda. Siku ya soko, safari nyingine. Baba naye huenda na wenzake kuchimba na kusafisha mfongo, yaani mfereji unaoleta maji kutoka mito ya juu mpaka kihambani.

Jioni chakula ni ndizi za kupika, maharagwe, mboga za majani na maziwa. Nyama huliwa siku ya kuchinja. Utamu ni wa ndizi mbivu na asali. Sukari ya dukani haipo, na mafuta ya chupa hayajulikani.

Sasa angalieni jambo moja. Mama yule hakupanda mlima ili alinde moyo wake. Alipanda kwa sababu ng'ombe alikuwa na njaa. Hakuacha sukari kwa shauri la daktari, sukari haikuwapo. Kinga ilimjia bila kuitwa, imefichwa ndani ya kazi. Hicho ndicho kiini cha somo la leo.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Watoto wengi walikufa kwa surua, ndui na kuhara. Tambarare kulikuwa na malaria. Wengi hawakufika umri ambao kisukari na kiharusi hupenda kuanza. Mbege nayo ilinyweka sana, na mzigo wa majani uliumiza migongo ya akina mama. Hatusemi turudi huko.

Je, tunajuaje kwamba jasho la kazi hulinda mwili? Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Wote walifanya kazi katika gari lile lile. Lakini ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva. Kondakta wa London, kama mama wa kihambani, alilindwa na ngazi zake bila kujua.

Tuendelee na historia yetu. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa ikaenea vihambani. Mwaka 1925 wakulima wenyeji walianzisha chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Fedha ya kahawa ilisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati. Fedha hiyo hiyo ilifungua milango ya maduka. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha sukari kilianza kazi Arusha Chini, kusini ya mji wa Moshi. Sukari, ambayo babu hakuijua, ikaingia katika chai ya asubuhi, kisha ya mchana, kisha ya jioni.

Baadaye yalikuja mabasi, kazi za kukaa ofisini, na siku hizi pikipiki inayomfikisha mtu mpaka mlangoni. Vihamba viligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hata vikawa vidogo. Vijana wakashuka mjini. Kila badiliko lilikuwa na faida yake, na hakuna mama anayelilia mzigo wa majani. Lakini mzigo ulipotuliwa, kinga iliyofichwa ndani yake nayo ilituliwa, wala hakuna aliyeiona ikienda.

Sasa tusikilize vipimo. Mwaka 1989 Daktari Donald McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya kupima watu wa vijiji 6 vya Tanzania, vikiwamo vya Kilimanjaro. Waliokuwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2012 ulifanywa upimaji wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 mpaka 64. Safari hii walikuwa kama watu 9 katika kila 100. Umri wa waliopimwa haukuwa sawa, na miji nayo iliingizwa, kwa hiyo tusizilinganishe hesabu hizi kama shilingi na shilingi. Hata hivyo, njia tunayoifuata inaonekana.

Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, lina hatari ya namna yake: halina sauti. Halina homa wala kikohozi. Mtu huamka, hulima, hucheka na wenzake, kumbe mishipa inaumia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulipima watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari, wilayani Hai. Baada ya hesabu kurekebishwa kwa kuangalia umri, Ilala wenye presha walikuwa wanaume 37 na wanawake 39 katika kila 100 wa jinsia yao. Shari walikuwa wanaume 26 na wanawake 27. Kijiji kilikuwa na nafuu kuliko mji, lakini hakikuwa salama. Na katika kila watu 100 wenye presha, wasiofika 20 ndio waliojua kwamba wanayo. Ambao presha yao ilikuwa imetulizwa hawakufika hata 1.

Tuelewe maana yake. Presha isiyotulizwa ndiyo njia kubwa ya kiharusi. Kuanzia mwaka 2003 wataalamu walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kwa miaka 3, katika Hai na Dar es Salaam. Wakilinganisha watu wa umri mmoja, Dar es Salaam ilikuwa na karibu mara 3 ya Hai. Lakini hata Hai, hesabu ilikaribiana na ile ya nchi tajiri. Kila mmoja wa hao ni mkono usioshika jembe tena, na ni jamaa wanaoacha kazi ili wamlishe.

Basi tufanye nini? Kile ambacho wazee walikipata kwa lazima, sisi tukipate kwa kukusudia. Tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 za juma. Soko lililo karibu liendewe kwa miguu. Chumvi ya mtu mzima kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai. Punguza sukari na mafuta. Ndizi, maharagwe na mboga zirudi mezani kwa heshima, wala zisiitwe chakula cha maskini. Acha tumbaku, punguza pombe. Pima presha hata kama huumwi. Aliyepewa dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Wala tusimlaumu mgonjwa, maana umri na kurithi navyo vina sehemu yake.

Je, watu wazima wanaweza kubadili mazoea? Historia inajibu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, kama ninyi leo. Walijadili malaria, kuhara, kichocho na minyoo, kisha wakasimama wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja kila mmoja aamue peke yake, waliamua pamoja. Maradhi ya leo hayafukuzwi kwa choo, lakini kikundi kile kile kinaweza kuyakabili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa kiongozi awasomee wenzake maswali haya, na kila mtu apate nafasi ya kusema:

1. Mama wa zamani alipata kinga gani katika kazi yake, na kwa nini hakuiona?
2. Ni vitu gani viliingia kijijini kwenu baada ya fedha ya kahawa? Vipi vilileta faida, na vipi vilileta hasara?
3. Ni wangapi hapa waliopima presha mwaka huu? Kikundi kipange siku ya kwenda zahanati pamoja.