Sufuria ya presha na maharage ya nchi za milimani

Maharage yaliyonunuliwa katika gunia moja hayaivi kwa muda mmoja Mombasa na Kabale. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi joto 100. Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huanza kuchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kigali na Gitega, miji iliyo kwenye mita 1,500 na ushei, ni kama nyuzi 95. Kuongeza mkaa hakusaidii: maji yatatokota kwa kishindo na kukauka upesi, lakini joto lake litabaki palepale. Ndiyo maana katika nyanda za juu za Maziwa Makuu chungu cha maharage hukaa jikoni saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, na familia ambayo chakula chake cha kila siku ni maharage hutumia sehemu kubwa ya mkaa wake kwa chakula hicho kimoja.

Sufuria ya presha, ambayo wengi huiita presha kuka, hukabiliana na tatizo hilo moja kwa moja. Mfuniko wake hujifunga kwa kukazwa, na mpira uliozunguka ukingo huzuia mvuke usitoke. Mvuke ukibanwa, shinikizo ndani hupanda, na maji yaliyo chini ya shinikizo huhitaji joto kubwa zaidi ili yachemke. Katika sufuria ya kawaida ya kuweka juu ya moto, joto hufika karibu nyuzi 120. Katika zile za umeme mara nyingi huwa pungufu kidogo. Tofauti ya nyuzi 20 au 25 huonekana ndogo kwenye karatasi, ila kwa maharage ni tofauti ya saa nzima na zaidi.

Chombo hiki si kigeni duniani. Mfaransa Denis Papin alikionyesha mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1679, na shabaha yake ilikuwa kulainisha mifupa. Ni yeye pia aliyebuni vali ya usalama, kitundu chenye uzito juu yake ambao mvuke huusukuma na kutoka shinikizo linapozidi. Kizito kinachocheza na kupiga filimbi juu ya sufuria za leo ni mjukuu wa vali hiyo.

Kwa familia ya watu watano au sita, nusu kilo ya maharage makavu yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa takriban dakika 10 hadi 15 tangu shinikizo lifike kiwango chake. Yasiyolowekwa huhitaji dakika 30 hadi 45, kutegemea aina na umri wake. Maharage yaliyohifadhiwa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hugeuka magumu, na hata presha huyachukua kwa shida. Mnunuzi hafanyi kosa kumuuliza muuzaji ni ya msimu gani. Makande, ambayo Wakenya huyaita githeri, hufuata mahindi yake: mahindi makavu yasiyokobolewa ndiyo yanayochelewa, kwa hiyo hulowekwa au hutangulizwa. Utumbo, kongoro na nyama ngumu ya ng'ombe mzee hunufaika pia, kwa kuwa joto hilo huyeyusha mishipa inayoifanya nyama itafunike kwa taabu.

Anayepika nyanda za juu anafaa kuongeza muda kidogo hata akiwa na presha, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi na shinikizo la ndani hupungua kwa kadiri hiyo. Kanuni inayotumiwa sana ni kuongeza asilimia 5 kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600. Kwa Kigali, dakika 20 za kitabu cha mapishi huwa kama 23.

Nyanya na ndimu huchelewesha maharage kulainika, hivyo hutiwa mwishoni, maharage yakishaiva. Magadi huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1. Mwenye presha hana haja nayo. Yako maharage mekundu ambayo yakiliwa nusu mbichi hutapisha na kuharisha vibaya, kwa sababu ya sumu ya asili iliyomo. Sumu hiyo huangamia kwa kuchemshwa sawasawa, na presha huimaliza bila shida. Hatari iko kwa anayeyapika kwa moto hafifu usiochemsha, akidhani kulainika peke yake kunatosha.

Majani ya muhogo yanastahili tahadhari ya pekee, hasa kwa wapishi wa isombe wa Rwanda na Burundi, na wa kisamvu au sombe wa Tanzania na Kongo. Majani hayo hutoa sayanidi yanapotwangwa, na sehemu kubwa ya sumu hiyo huondoka pamoja na mvuke. Desturi ya kuyatwanga kwanza, kisha kuyachemsha kwa muda chungu kikiwa wazi, ina maana yake. Mwenye kutumia presha asiiruke hatua hiyo; afunge mfuniko baada ya majani kuchemka wazi na mvuke wa kwanza kwenda zake.

Woga wa kwamba sufuria italipuka haukuzuka bure, kwani ajali zimetokea. Nyingi hutokana na mambo yanayozuilika: sufuria kujazwa mno, kitundu cha mvuke kuzibwa na maganda, au mtu kulazimisha mfuniko ufunguke kabla shinikizo halijashuka. Chakula na maji kwa pamoja visizidi theluthi mbili ya sufuria. Maharage, dengu na nafaka, ambazo hutoa povu, zisizidi nusu. Kijiko cha mafuta hupunguza povu hilo. Kabla ya kila mapishi kitundu hutazamwa kwenye mwanga kama kiko wazi. Uji mzito na ugali si vyakula vya presha: uji huziba kitundu, na ugali hauwezi kusongwa ndani ya chombo kilichofungwa. Kukaanga kwa mafuta mengi huku mfuniko umefungwa ni hatari kubwa.

Anayepikia mkaa ana shida ya ziada ambayo vijitabu vya viwandani havimfikirii. Gesi hupunguzwa kwa kuzungusha kitasa. Mkaa haupunguzwi hivyo. Filimbi ikianza kulia mfululizo, mlango wa jiko hufungwa kubana hewa, baadhi ya makaa huondolewa, au sufuria huteremshwa kwa muda. Asiachiwe mtoto kazi hiyo.

Sufuria za presha za umeme hujidhibiti zenyewe, na ndizo zinazozungumzwa zaidi sasa katika nchi za kanda hii. Ya lita 6 huwa na nguvu ya wati 1,000 hivi, lakini haivuti umeme muda wote. Ikishapata shinikizo huwaka na kuzima. Chungu cha maharage kwa kawaida hutumia karibu nusu uniti. Hesabu ya kulinganisha na mkaa kila familia inaweza kuifanya yenyewe, kwa bei ya uniti na ya kopo la mkaa mtaani kwake. Umeme ukikatika katikati, mfuniko usifunguliwe: joto lililobanwa huendelea kuivisha kwa muda mzuri.

Serikali nazo zimeingia jikoni. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi kufikia mwaka 2034. Nchini Kenya, shirika la Kenya Power limekuwa likiendesha kampeni ya Pika na Power, yenye maonyesho ya kupika vyakula vya kienyeji kwa umeme. Uganda iliweka bei nafuu kwa uniti za 81 hadi 150 za mwezi, kwa ajili ya wanaopika. Nyuma ya hatua hizi kuna takwimu ya Shirika la Afya Duniani: moshi wa majumbani ulihusishwa na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Kikwazo kilichobaki ni bei ya kununulia. Mkaa hununuliwa kidogo kidogo kila siku, sufuria hudai fedha yote kwa mkupuo, na mipango ya kulipa kwa awamu haijafika kila mtaa. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama mpira wa mfuniko wa aina hiyo unauzwa mjini kwake. Mpira huchakaa na kupasuka mapema kuliko sehemu nyingine yoyote, na sufuria isiyo na mpira mzima hurudi kuwa sufuria ya kawaida yenye mfuniko mzito.