Chamburo na Masango: Habari za Ufundi wa Waya katika Nchi Zetu

Miongoni mwa vyombo vya mafundi wa kale vilivyosahauliwa upesi, sijui kimoja kinachostahili kukumbukwa kuliko chamburo, yaani kile kibamba cha chuma kigumu chenye urefu wa shibiri moja au pungufu, kilichotobolewa safu za matundu yanayopungua ukubwa moja baada ya jingine, tangu lile linalopitisha ufito wa unene wa kalamu hata lile ambalo sindano ya mshonaji huingia kwa taabu. Hakina makali wala mpini, wala hakina nakshi ya kumvuta mtazamaji. Walakini mikufu, vikuku na bangili za kusokotwa zilizowapamba waungwana na wakulima, wafugaji na wachukuzi, tangu pwani hata maziwa makuu, aghalabu zilianzia katika matundu hayo, na mtu atakaye kujua jinsi wazee wetu walivyoyatiisha madini pasipo mtambo wa moshi hana budi kuanzia hapo.

Wako wanaodhani kwamba waya ulikuja na reli na simu, na kwamba watu wa bara waliupokea tu kutoka mikononi mwa wageni wakauzungusha mikononi na miguuni mwao. Dhana hiyo haina msingi. Mwaka 1960, mahali paitwapo Ingombe Ilede, karibu na ukingo wa kaskazini wa mto Zambezi katika nchi ambayo leo ni Zambia, yalifukuliwa makaburi ya watu waliozikwa kwa heshima kubwa, na kando yao vilikutwa vibamba vya kuvutia waya, koleo, nyundo, masongo ya waya wa shaba, na mikuo ya shaba iliyosubiwa kwa umbo la msalaba. Baadhi yao walikuwa wamevaa bangili za waya mwembamba uliozongwa juu ya kiini cha nyuzi za mimea, na pamoja nao zilikuwamo shanga za kioo na makombe yaliyotoka Bahari ya Hindi, ithibati ya kwamba njia za biashara ziliwaunganisha na pwani yetu. Wataalamu wanayaweka makaburi hayo miaka mia kadhaa kabla ya reli na simu. Kadhalika katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ambako ilipatikana sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, yalikutwa pia masongo ya waya. Mimi huyatazama makaburi ya Ingombe Ilede kwa taadhima ya pekee, kwa kuwa jamaa wanaomzika maiti wao pamoja na chamburo chake wanashuhudia mbele ya vizazi vyote kwamba ufundi ule ulikuwa sehemu ya utukufu wake, na kwamba haukuwa kazi ya watwana wasio na jina.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Fundi huanza na ufito wa shaba uliosubiwa au kufuliwa, akaichonga ncha yake kwa nyundo hata ikapenya tundu la kwanza na kuchomoza upande wa pili kiasi cha kukamatwa na koleo. Chamburo hukazwa katika mpasuko wa gogo lililochimbiwa ardhini, ufito ukapakwa mafuta au nta ili usikwaruzike, kisha mvutaji huibana koleo, akajitupa nyuma kwa uzito wa mwili wake wote, na shaba ikatoka upande wake nyembamba kidogo na ndefu zaidi kuliko ilivyoingia. Hakipotei kitu katika uvutaji huo, kwa maana chamburo hakikati wala hakipari, bali hubana tu. Na hesabu yake humstaajabisha asiyeizoea, kwani waya uliopungua unene hata kufikia nusu haurefuki mara 2 bali mara 4, na uliofikia robo hurefuka mara 16, ndiyo maana kipande cha dhiraa moja, kikipitishwa kwa saburi tundu baada ya tundu, huweza kutoka waya wa kuvika mkono mzima tangu kiwiko hata kifundo.

Lakini shaba haikubali kuvutwa pasipo kikomo. Kila ipitapo katika tundu hukakamaa, na fundi asiyetii mkono wake mwenyewe huendelea kuvuta hata waya ukakatika ghafula. Mjuzi husimama mapema, akaukunja waya songo, akauweka juu ya makaa, akavukuta polepole hata ukaiva wekundu wa giza, kisha akauacha upoe au akautia majini, ukarudi kuwa laini na mtiifu. Hapo ndipo elimu ya madini ilipodhihirika, kwa sababu chuma cha pua hufanya kinyume chake, yaani kikitiwa majini kingali chekundu huwa kigumu na chepesi kuvunjika, na fundi aliyezifua shaba na chuma katika kiwanda kimoja alizijua tabia hizo mbili, akazitenda bila kuzichanganya, karne nyingi kabla hazijaandikwa katika vitabu vya shule zetu.

Kupinda nako kuna maarifa yake. Waya una ukaidi, ukikunjwa kisha ukaachiliwa hurejea nyuma kidogo, kwa hiyo fundi huupinda kupita kipimo anachokikusudia, ili urejeapo usimame mahali pake hasa. Na kadiri ulivyokakamaa ndivyo urejeavyo zaidi. Kwa kutengeneza mkufu, waya huzongwa juu ya kijiti cha chuma, pindo likigusa pindo, kisha msongo wote hupasuliwa kwa tindo kwa urefu, na kila pindo likawa pete iliyo wazi, tayari kuingizwa katika mwenzake na kufungwa kwa koleo. Wakamba walisifika kwa mikufu yao myembamba; ufundi wa Wakikuyu, hata wa kuvuta waya, ulielezwa na Routledge na mkewe katika kitabu chao cha mwaka 1910; na mchungaji Bruno Gutmann, aliyekaa Uchagani miaka mingi, aliandika mwaka 1912 juu ya mhunzi wa Kichaga na khofu ya watu mbele ya nyundo yake. Ama ule waya mwembamba kabisa uitwao udodi, huo ulizongwa juu ya singa za mkia wa twiga au wa ndovu, ukawa bangili nyororo inayonesa, na Wanyamwezi wakazivaa miguuni kwa wingi. Tazama basi ya kwamba bangili hizo na zile za Ingombe Ilede ni sanaa moja, kiini laini ndani na waya juu yake, ingawa kati yao imepita miaka mia kadhaa.

Ilipofika karne ya 19, mambo yalibadilika kwa kiasi kikubwa. Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na merikebu za huko zikaleta Unguja, pamoja na nguo za merikani na baruti, shehena za waya wa shaba uliovutwa kwa mitambo, na Wazungu wengine na Wahindi wakaleta wao. Waya huo mnene wa shaba, wenye kuitwa masango, ukawa nguzo ya tatu ya mali ya safari, baada ya nguo na shanga. Msafiri Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 kwenda Ujiji, aliutaja katika habari zake, pamoja na vitindi, yaani zile bangili za masango yaliyozongwa mkononi mduara juu ya mduara. Mchukuzi aliubeba kwa mzegazega, masongo yakining'inia katika ncha mbili za mti, na katika msafara mzima pengine haukuwako mzigo mchungu kuliko huo, maana shaba haibonyei wala haimuonei mtu huruma begani. Stanley naye, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871, alishauriwa achukue frasila 10, yapata ratili 350, akaandika kwamba shanga huko bara zilishika mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na waya, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mahali pa dhahabu. Na Thomson, aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883, hakuthubutu kwenda pasipo mizigo ya seng'enge, waya wa chuma ambao wanawake wa Kimasai waliuzonga mikononi na miguuni.

Watu wengine husema kwamba shehena hizo ziliwaua wahunzi wa bara papo hapo. Mimi siafiki. Kwa muda mrefu masango yaliyotoka ng'ambo yalikuwa malighafi tu mbele ya fundi, naye aliyapitisha katika chamburo chake akayafanya membamba kwa kadiri atakayo, akawa ameepukana na taabu ya kuyeyusha mawe lakini akabaki na kazi yote ya kuvuta, kuzonga na kusuka. Na wengi, kwa dalili zote, walifanya kazi nyingi zaidi kuliko baba zao. Msiba ulikuja baadaye, viwanda vilipoleta waya wa kila unene, mpaka ule wa nywele, kwa bei isiyoshindika. Hapo chamburo kikakosa kazi, kikatundikwa ukutani, na mtoto wa mhunzi akakiona chombo asichojua matumizi yake.

Nao Wazungu, iwapo yuko adhaniye kwamba wao walianza mbali zaidi, walianzia palepale. Mtawa Theophilus katika karne ya 12 alieleza chuma chenye safu za matundu, kisichohitilafiana na chamburo chetu. Na Biringuccio, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1540, alionyesha mtu aliyeketi juu ya pembea mbele ya kibamba, gurudumu la maji likimvuta nyuma kila linapozunguka, naye kazi yake ni kuubana waya kwa koleo kila arudipo mbele. Mto uliushika mzigo wa misuli, ila tundu lilibaki tundu. Katika karne ya 19 ndipo mashine zilipojifunza kupinda. Charles Barnard wa Norwich, mji wa wafumaji, alibuni mwaka 1844 mtambo wa kufuma nyavu za waya kwa kufuata mfano wa mitambo ya nguo. Joseph Glidden wa Illinois, aliyepata hati yake ya seng'enge ya miba mwaka 1874, husimuliwa kuwa alipinda miba ya kwanza kwa kinu cha kusagia kahawa. Na mwaka 1899 William Middlebrook wa Waterbury akapata hati ya mashine iliyouvuta waya, ikaukata na kuukunja mara tatu, kibanio cha karatasi kikadondoka tayari. Kanuni ya mashine za namna hiyo ni nyepesi kuielewa: waya hunyoshwa kati ya magurudumu madogo, husukumwa kwa kipimo, kisha vidole vya chuma huupiga kwa zamu pande zote kuuzunguka mtindo wa chuma ulio katikati, kila kidole kwa wakati wake.

Katika nchi zetu mitambo hiyo ilitanguliwa na nguzo za simu. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hata ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilifuatana na waya wa simu, na Wanandi, waliokuwa wakipigana na Waingereza tangu mwaka 1895, waliukata waya huo na kufungua parafujo za reli, waya ukawa mapambo na parafujo zikawa silaha. Serikali iliuita wizi. Mimi naona kwamba ulikuwa pia hukumu ya watu waliozijua thamani ya shaba na chuma kabla ya mgeni kuwafundisha, na ambao ardhi yao ilipitiwa pasipo idhini. Vita vile viliishia kwa kuuawa kwa kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, tarehe 19 Oktoba 1905.

Leo chamburo kinaishi zaidi mikononi mwa masonara wa Unguja, Mombasa na Lamu, wavutao nyuzi za dhahabu na fedha za mikufu na vipuli. Upindaji nao haukufa, umehama tu: fundi wa nondo hupinda ringi za nguzo juu ya ubao wenye vigingi vya chuma, akizidisha pembe kidogo kwa sababu ileile ya zamani, na pembezoni mwa barabara za miji yetu utamkuta kijana akizungusha kwa mkono mashine ya kusukia wavu wa uzio, kibapa cha chuma kikizunguka ndani ya bomba lenye mfereji wa parafujo, waya ukiingia umenyooka na kutoka umekunjamana, kila uzi ukijizungusha katika uzi uliotangulia. Mashine hizo nyingi zimeungwa humuhumu mjini, na waliozitengeneza ni warithi halali wa wale wa Zambezi, ingawa hakuna aliyewaambia hivyo.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka ya makumbusho yetu wasiweke mikufu peke yake ndani ya vioo, bali waiweke pamoja na vyombo vilivyoitengeneza, vikiwa na maelezo kwa Kiswahili. Na wewe msomaji, ikiwa katika kasha la babu yako kimo kibamba cha chuma chenye safu za matundu, usikiuze kwa mizani ya chuma chakavu. Mwulize mzee aliye hai jinsi kilivyotumika, uyaandike majina ya matundu yake, kisha ukipeleke mahali kitakapotunzwa.