Meko, Moshi na Utamaduni Wetu

Lugha ni ghala la historia ya watu wake. Katika Kiswahili neno jiko ni mahali pawashwapo moto wa kupikia. Tena ni chumba cha mapishi. Tena mwanamume aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Mawe yabebayo chungu huitwa mafiga, na pengine mafya, na wahenga walipotaka kufundisha umoja walisema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo tunapoandika juu ya moto wa kuni hatuandiki juu ya jambo dogo.

Swali letu ni hili: je, kuyaheshimu meko ya wazee ni kuuhifadhi na moshi wake? Wapo wasemao kwamba dohani ni jambo la kigeni, na kwamba bibi zetu walipika kwa mafiga wala hawakudhurika. Hoja hiyo yafaa kupimwa.

Kwanza tuyape mafiga haki yake. Kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata juu ya ardhi isiyo sawa, na nafasi zilizo kati ya mawe hupitisha kuni na hewa. Moshi nao ulikuwa na kazi. Ulipanda katika uchaga wa juu ya meko ukakausha mahindi ya mbegu na kufukuza wadudu, kisha ukapenya polepole katika nyasi za paa. Kabla ya kibiriti moto ulipatikana kwa kupekecha vijiti, nayo ni kazi ya jasho. Ndiyo sababu usiku makaa yalifukiwa majivuni, yakafukuliwa alfajiri yangali mekundu. Na aliyezimikiwa alikwenda kwa jirani kuomba kijinga. Tena mtu akaaye na moto chini ya paa la nyasi hana ruhusa ya uzembe. Kuni zilizokwisha kazi zilivutwa nje na kuzimwa, na watoto walikatazwa kuchezea moto. Hiyo ilikuwa elimu, ijapokuwa haikuandikwa.

Lakini mambo yaliyoyazunguka meko yalibadilika. Paa la nyasi lilianza kulipisha paa la bati, ambalo halipenyezi moshi. Kati ya mwaka 1974 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamia katika vijiji, na penye watu wengi mahali pamoja miti ya karibu huisha upesi. Mzigo ukaangukia vichwani mwa mama na binti: safari ya kuni ilirefuka, na aliyekosa kuni kavu alipika kwa mbichi au kwa mabua.

Wala si kweli kwamba wa kale hawakudhurika. Katika baadhi ya sehemu za Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu ule mara nyingi ulikuwa alama ya miaka mingi ya kupulizia moto wa kuni na samadi. Mama aliilisha jamii yake mpaka macho yakaharibika, na jamii ikamhukumu kwa macho hayo hayo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na nishati duni, ilisababisha vifo 3,200,000 duniani, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano.

Nini basi kifanyike? Jiko la udongo lenye dohani hufanya kazi kwa kanuni nyepesi: kuta huhifadhi joto, na hewa moto hupanda katika bomba ikiuvuta moshi nje. Lakini jiko jipya lataka uangalifu ule ule wa kale. Mti uliokatwa sasa hivi waweza kuwa na maji kufikia nusu ya uzito wake. Moto huyachemsha kwanza maji hayo, ndipo upate kupika. Kuni zipasuliwe, zianikwe, zihifadhiwe pasipo mvua. Dohani ya bati isiguse nyasi za paa. Nayo isafishwe mara kwa mara, maana masizi yaliyogandamana ndani yaweza kuwaka. Kanga ifungwe vizuri kabla ya kuinamia moto, na mafuta ya taa yasimiminwe juu ya makaa. Majivu yamwagiwe maji kabla ya kutupwa, kwani maarifa yale yale ya kuhifadhi moto hadi alfajiri ndiyo yaunguzayo jalala. Hatari zaidi ni makaa yasiyo na moshi. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kamwe mtu asilale nayo chumbani, milango imefungwa.

Na ugeni wa dohani je? Rais Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliutaja utamaduni kuwa roho ya taifa. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba kuthamini cha kwetu si kukataa kujifunza kwa wengine. Mafundi wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitwaa mfano wa jiko la Thailand, wakaunda jiko la mkaa la bati lenye udongo ndani. Leo nani anayeliita la kigeni?

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo, hadi siku hiyo zitakuwapo nyumba nyingi za kuni, na katika nyumba hizo watakuwamo mama zetu. Basi mwalimu na alifundishe somo la hewa na joto kwa mfano wa meko, na mwanafunzi arudipo nyumbani atazame moshi waenda wapi. Akiuona umetanda juu ya kichwa cha mama yake, atoboe ukuta, ajenge dohani. Kwa kufanya hivyo hatakuwa amewavunjia wazee heshima. Atakuwa amewalipa sehemu ya deni lao.