Ua lenye kilema na siri ya protini nne

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba uchukue punje moja ya karafuu kutoka katika kikopo cha viungo jikoni. Iloweke katika maji ya moto mpaka ilainike, kisha iangalie vizuri. Karafuu si tunda wala si mbegu. Ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Juu ya kile kijiti utaona pembe nne ndogo. Hizo ni sepali, vijani vya nje vinavyolinda tumba. Kichwa cha mviringo kilichokaa katikati ya pembe hizo ni petali nne zilizofunikana. Ukikipasua kwa wembe utakuta ndani nyuzi nyingi zilizojipinda. Hizo ni stameni, sehemu za kiume zitoazo chavua. Katikati kabisa pamesimama kijiti kimoja, nacho ni ncha ya pistili, sehemu ya kike.

Sepali, petali, stameni, pistili, kutoka nje kwenda ndani. Mpango huo utauona katika ua la mbaazi, la pamba, la mlimau na la mimea mingine chungu nzima. Lakini seli zote za mmea mmoja zina jeni zile zile. Nani basi anayeiambia seli ya duara la pili iwe petali, na jirani yake wa duara la tatu iwe stameni?

Swali hili lilichukua zaidi ya miaka mia mbili kujibiwa, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wanafunzi. Nasema wanafunzi kwa makusudi. Mara nyingi nasikia watu wakinung'unika kwamba kijana fulani amesomeshwa kwa fedha za umma miaka minne, kisha akarudi na tasnifu ya udaktari kuhusu protini mbili za gugu lisiloliwa hata na mbuzi. Manung'uniko hayo nayaelewa. Fedha ni chache na njaa ipo. Lakini kabla hatujamhukumu kijana huyo, tuitazame historia ya jambo lenyewe.

Mwaka 1742 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Magnus Ziöberg, alichuma mmea katika kisiwa kimoja cha bahari karibu na Stockholm. Kwa majani ulifanana kabisa na Linaria, gugu la kawaida huko Sweden, ambalo ua lake lina midomo miwili na mkia mmoja. Lakini ua la mmea huu lilikuwa la duara, lenye mikia mitano. Mmea ule ulimfikia Carl Linnaeus, yule bwana aliyewapanga wanyama na mimea yote kwa majina mawili mawili. Linnaeus alishtuka. Wakati huo yeye na wenzake waliamini kwamba kila aina ya kiumbe imebaki vile vile tangu kuumbwa kwake. Aliuita mmea huo Peloria, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya zimwi, akasema ajabu yake haipungui ile ya ng'ombe kuzaa ndama mwenye kichwa cha mbwa mwitu. Mwaka 1744 habari zake zilitolewa katika tasnifu iliyotetewa na mwanafunzi Daniel Rudberg. Kwa desturi ya Uppsala ya siku hizo, profesa ndiye aliyeandika na mwanafunzi ndiye aliyesimama mbele ya watu kujibu maswali. Wanafunzi wa leo watasema desturi hiyo haijafa, ila imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Linnaeus hakupata jibu la kweli. Alidhani mmea ule ni chotara. Mwaka 1790 Mjerumani Goethe, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi, alichapisha kijitabu kuhusu mimea. Alidai kwamba sehemu zote za ua ni majani yaliyogeuka, na ushahidi wake mmojawapo ulikuwa maua yenye kilema, kama waridi linalochipuza tawi jipya katikati yake. Wataalamu hawakumtilia maanani sana, kwani walimwona mshairi aliyepotea njia. Tutaona baadaye kama alipotea.

Sasa turuke zaidi ya miaka mia moja, twende Bonn, Ujerumani. Mwaka 1907 mwanafunzi Friedrich Laibach alimaliza tasnifu yake ya udaktari kuhusu kromosomu za mimea. Miongoni mwa mimea aliyoichunguza kulikuwa na kigugu chembamba kiitwacho Arabidopsis, akakuta kina jozi tano tu za kromosomu. Kwa kuwa kromosomu hizo ni ndogo mno kuonekana vizuri, akakiacha kando. (Si kigugu cha Ulaya peke yake, huota pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 mbegu za Tanzania zilikuwa miongoni mwa zile zilizowaonyesha watafiti kwamba koo za Afrika za mmea huu ni za kale sana.) Mwaka 1943 Laibach, sasa akiwa profesa Frankfurt, aliandika kwamba mmea huo unafaa sana kwa uchunguzi wa urithi: huzaa baada ya wiki chache, hutoa maelfu ya mbegu, na hauhitaji shamba, kikombe cha udongo kinatosha. Mwanafunzi wake wa udaktari, Erna Reinholz, alizipiga mbegu zake kwa eksirei ili kupata mimea yenye mabadiliko ya urithi. Tasnifu yake ni ya mwaka 1945, wakati nchi yake ikiwa magofu. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1947 katika mfululizo wa ripoti za wakala wa Marekani uliokuwa ukikusanya habari za kitaalamu katika Ujerumani iliyoshindwa. Miaka ya 1950 mbegu za Laibach zilivuka bahari hadi Missouri, Marekani, zikiwa mikononi mwa George Rédei, mzaliwa wa Hungaria. Uzao wa mbegu hizo ndio uliosomwa jeni zake zote mwaka 2000, wa kwanza katika mimea yote duniani.

Katika miaka ya 1980 makundi mawili yalirudi kwenye swali la ua. Huko California, Elliot Meyerowitz na wanafunzi wake, akiwamo John Bowman, walitumia Arabidopsis. Huko Uingereza, Enrico Coen na Rosemary Carpenter walitumia ua la bustani liitwalo Antirrhinum, na wenzao wa Köln, Ujerumani, wakafanya vivyo hivyo. Njia yao ilikuwa ile ile ya Linnaeus ya kutafuta vilema. Walipoviweka pamoja wakagundua kwamba kilema hakiji ovyo, bali kila mara huharibu duara mbili zinazopakana. Aina moja hupoteza sepali na petali. Ya pili hupoteza petali na stameni, ikaota sepali na pistili mahali pake. Ya tatu hupoteza stameni na pistili, na petali zikarudiwa tena na tena. Hii ya tatu unaijua, msikilizaji. Waridi mwitu lina petali tano tu. Waridi nene lisafirishwalo kwa ndege kutoka Naivasha au Arusha lina petali nyingi kwa sababu jeni ya namna hiyo imebanwa nafasi yake, na mahali pa stameni pakaota petali.

Mwaka 1991 Coen na Meyerowitz wakaandika kanuni inayotoshea kwenye kiganja. Kuna kazi tatu, A, B na C. A peke yake hufanya sepali. A na B hufanya petali. B na C hufanya stameni. C peke yake hufanya pistili. A na C hazikai nyumba moja. Ikiondoka hii, ile huingia. Na ukizivunja zote tatu, ua huota vijani vitupu. Goethe hakuwa amepotea sana.

Hapa ndipo tunapofika kwa yule kijana na protini zake mbili. Jeni ni maandishi tu. Kinachofanya kazi ni protini inayotengenezwa kutokana na maandishi hayo. Mwaka 1990 jeni mbili za maua zilisomwa, moja Köln na nyingine California. Ikaonekana kwamba protini zake ni za ukoo mmoja, na ukoo huo una ndugu katika hamira na hata katika mwili wa binadamu. Kazi ya protini hizi ni kushika uzi wa DNA mahali maalumu na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Ni kama manyapara wa jeni. Lakini mwaka 1992 watafiti wa Köln walionyesha jambo lililotatiza hesabu. Protini ya B katika Antirrhinum haiko peke yake. Ni mbili, DEFICIENS na GLOBOSA, na kila moja ikiwa peke yake haiwezi kushika DNA. Umewahi kuwaona wapasua mbao wa msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwingine chini? Akiondoka mmoja, aliyebaki hana kazi. Ndivyo zilivyo hizi. Tena zikiwa pamoja huagiza kutengenezwa kwa wenzao zaidi, kwa hiyo ukiiua moja, ya pili nayo hufifia.

Kujua protini ipi inashikana na ipi ndiyo ikawa kazi ya tasnifu nyingi. Chombo chao kikubwa kilivumbuliwa mwaka 1989 New York na Stanley Fields pamoja na Ok-kyu Song, nacho ni hamira. Huchukuliwa protini moja inayowasha jeni ya hamira, ikakatwa vipande viwili. Kila kipande hufungwa kwa protini mojawapo ya zile zinazochunguzwa. Zikishikana, vipande vile hukaribiana, jeni huwaka, na hamira huota kwenye chakula ambacho bila hivyo ingekufa. Zisiposhikana, sahani hubaki tupu. Mwanafunzi huotesha sahani hizo kwa miezi na miezi. Mwaka 2005 ilichapishwa ramani ya ukoo mzima wa protini hizo katika Arabidopsis, zaidi ya 100. Ukizidisha mia kwa mia utajua kwa nini shahada inachukua miaka minne.

Lakini hata jozi hazikutosha. Ukilazimisha A na B ziwake katika jani la kawaida, jani halikuwi petali. Kuna kitu kilikosekana. Kumbe kilikuwa mbele ya macho yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: jeni tatu za ukoo ule ule, zilizowekwa kando kwa sababu ukiivunja mojawapo mmea hauonyeshi dalili yoyote. Ndugu zake huishika zamu yake. Mwaka 2000 Soraya Pelaz na wenzake katika maabara ya Martin Yanofsky, San Diego, walizivunja zote tatu kwa pamoja, na ua likatoka sepali tupu mpaka ndani. Mwaka uliofuata Honma na Goto wa Japani wakaongeza mojawapo kwenye mchanganyiko wa A na B, na majani yakageuka petali. Mwaka huo huo Günter Theissen akatoa pendekezo kwamba protini hizo hufanya kazi nne nne: jozi mbili hushika DNA mahali pawili, kisha zikashikana zenyewe na kuupinda uzi. Ukibadilisha mmoja katika wale wanne, sehemu ya ua hubadilika. Majaribio ya miaka iliyofuata, pamoja na protini zilizotolewa katika mimea yenyewe mwaka 2012, yaliliunga mkono.

Na zimwi la Linnaeus? Mwaka 1999 Pilar Cubas, Coral Vincent na Coen walichunguza Linaria yenye maua ya Peloria. Walitegemea kuona jeni iliyoharibika. Hawakuona. Herufi zake zote ziko sawa, ila imepakwa kemikali iliyoinyamazisha, na kunyamaza huko kumerithishwa. Ndiyo maana mara nyingine mmea huo huo huchanua ua la kawaida kwenye tawi moja, pale kemikali inapofutika.

Protini ya jeni ile iliyonyamazishwa ina ndugu mmoja ambaye msikilizaji hula matunda yake karibu kila siku. Mhenga wa mahindi ni nyasi ya Meksiko yenye matawi mengi na punje chache ngumu. Wakulima wa huko, yapata miaka 9,000 iliyopita, walichagua mbegu za mimea yenye matawi machache bila kujua walichokuwa wakikichagua. Mwaka 1997 John Doebley na wenzake waliisoma jeni inayohusika. Protini yake ni ya ukoo mmoja na ile ya Peloria, na huzuia matawi yasichipuke, nguvu yote ikaenda katika shina moja na magunzi makubwa. Mahindi yaliyosimama wima shambani kuanzia Iringa hadi Kitale, kila shina peke yake, yanasimama hivyo kwa kazi yake.