JAZIRA MBILI ZA KIJANI: YA ANDALUSI NA HII YETU YA PEMBA



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu, wengi wenu mnapenda kusambaza picha za Andalusi: kasri la Alhambra kule Granada, matao mekundu na meupe ya msikiti wa Cordoba. Chini yake mnaandika "Subhanallah", na wengine mnauliza ni lini tutajaaliwa kwenda kuzuru. Si vibaya. Leo nataka nikupeleke kwenye mji wa Hispania ambao picha zake hazisambazwi sana, kisha nikurudishe nyumbani Pemba.

JINA MOJA, NCHI MBILI

Mji wenyewe ni Algeciras. Uko kusini kabisa mwa Hispania, unatazamana na Jabal Tariq, pale bahari ya Mediterania inapokutana na Atlantiki. Jina hilo la Kihispania limetoka kwenye Kiarabu: al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani. Sasa wewe Mpemba, jina hilo umelisikia wapi? Ndilo jina ambalo Waarabu walikipa kisiwa hiki chetu.

Wala si mimi niliyeyakutanisha majina haya. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 626 Hijria (1229 Miladia), ameyataja yote mawili katika kamusi yake ya miji, Mu'jam al-Buldan. Ametaja Jazira ya Andalusi, kisha akataja nyengine iliyoko nchi ya Zanji: kisiwa kikubwa chenye miji miwili, kila mmoja na sultani wake. Majina ya miji hiyo ameyaandika kwa Kiarabu kama yalivyomfikia, nasi tukiyasoma tunaitambua Mtambwe na Mkumbuu. Basi mwanachuoni wa karne ya saba Hijria aliijua Mkumbuu. Je, mwanao anayesoma skuli Chake Chake anaijua?

YALIYOIPATA JAZIRA YA ANDALUSI

Waislamu waliingia huko mwaka 711 (92 Hijria), pamoja na Tariq bin Ziyad. Mji ukawa mlango wa Andalusi, majeshi na misafara mingi kutoka Morocco ikishukia hapo.

Kisha ikaja fitina. Ukhalifa wa Cordoba ulipovunjika mwaka 1031, Waislamu waligawana nchi vipande vipande, kila mkubwa na kiti chake. Hata Algeciras yenyewe ikawa kijidola, mpaka ikamezwa na Sevilla, Waislamu wenzao. Mwaka 1086 Yusuf bin Tashfin akavuka kutoka Morocco, akashukia hapo hapo Algeciras, akawashinda maadui pale Zallaqa. Mambo yakatulia kwa muda, lakini maradhi yalikuwa ndani.

Mwaka 1342 mfalme Alfonso wa 11 wa Castilla akauzingira mji. Watu walivumilia zaidi ya mwaka na nusu. Machi 1344 mji ukasalimu amri, na msikiti mkuu ukageuzwa kanisa. Mwaka 1369 Muhammad wa Tano, sultani wa Granada, aliurudisha mikononi mwa Waislamu. Lakini baada ya takriban miaka kumi, alipoona hawezi kuulinda, akaamuru ubomolewe ili adui asiutumie. Fikiria hilo, ndugu yangu: kuubomoa mji wako kwa mkono wako. Na mwaka 1492 Granada nayo ikaanguka.

Leo Algeciras ni bandari kubwa. Wapo Waislamu waliohamia, hasa kutoka Morocco, nao wana misikiti. Lakini wale wenyeji wa asili, waliokuwa wakisomeshana Qur'ani kwa mamia ya miaka, hawapo tena.

YALIYOIPATA JAZIRA YETU

Sisi wa Vitongoji tupo upande linakochomoza jua. Mkumbuu upo upande linakozama, kwenye ncha ya ile rasi ndefu magharibi ya Chake Chake. Ukitoka Wesha kwa mashua, bahari ikiwa imejaa, unafika bila ya taabu. Utakuta magofu ya msikiti mkubwa wa mawe, na pembeni yake makaburi yaliyojengewa nguzo. James Kirkman alichimba hapo miaka ya 1950, na wengine wakaja baada yake.

Al-Mas'udi, mwanahistoria mkubwa, alisafiri mwaka 304 Hijria (916 Miladia) kutoka kisiwa alichokiita Kanbalu hadi Oman. Amesema humo walikaa Waislamu na lugha yao ilikuwa ya Kizanji. Amesema pia kuwa bahari nyingi amezipita, lakini hakuona ya kutisha kama hii. Wataalamu wengi wanaona Kanbalu ni hapa Pemba, na baadhi wanasema ni Mkumbuu yenyewe.

Na Mtambwe Mkuu je? Mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha ni ndogo sana, zina majina ya watawala wa Kiislamu wa mwambao huu, kama Ali bin al-Hasan, na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ni za karne ya 11, wakati ule ule Waislamu wa Andalusi walipokuwa wakigawana vijidola.

Kwa hiyo anayekwambia kuwa Uislamu uliletwa hapa juzi na watawala wa karne ya 19, mwambie kwa upole: Ndugu, umechelewa kwa miaka mia tisa.

ZINGATIA TOFAUTI

Mkumbuu nao umekufa. Mihrabu yake haina imamu, na paa lake ni mbingu. Lakini jiulize: kule Andalusi majengo mengi mazuri yamebaki, na waliosali ndani yake waliondoka. Huku kwetu jengo limeanguka, na watu wamebaki Waislamu. Wareno walikuja, wakatawala na wakaondoka, na alfajiri adhana inasikika kutoka Konde hadi Mkoani. Kilichotubakisha ni nini? Hatukuwa na kuta kubwa kuliko za Algeciras, wala jeshi kubwa kuliko la Granada. Kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, tulikuwa na chuo. Mzee mmoja, ubao mmoja, watoto kumi barazani. Mji ukihama, chuo kinahama nao.

Ndiyo maana nina khofu na jambo moja kuliko magofu kuanguka. Siku hizi mtoto wa miaka minane anajua kusambaza picha ya Alhambra, na alifu hajaijua. Baba analipa bando kila wiki, ada ya mwalimu wa chuo inamshinda. Hapo hatumhitaji Alfonso. Tutabomoa wenyewe.

BASI TUFANYE NINI?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani, zaidi ya mara moja, tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kuzuru makaburi kwa sababu yanakumbusha akhera. Basi likizo hii wapelekeni watoto Mkumbuu. Wasalimieni waliolala pale, waombeeni dua. Msiwaombe wao haja zenu, wala msiweke ubani na vyakula makaburini. Waliojenga msikiti ule waliujenga aabudiwe Mmoja. Msichukue jiwe wala kigae, hata kidogo. Ni amana. Na mkirudi, jioni ile ile, mtoto apelekwe chuoni.

Andalusi tutaizuru siku tukijaaliwa. Mkumbuu nauli yake unayo.

Wallaahu a'lam. Wabillaahi tawfiiq.