Sala Fupi Iliyolinda Imani: Walei wa Antiokia na "Atukuzwe Baba"



Kila tunaposali rozari katika jumuiya, baada ya Salamu Maria kumi huja sala fupi ya kumtukuza Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Kwa kuwa ni fupi na tumeizoea tangu utoto, mara nyingi tunaipitisha haraka, midomo ikitamka huku mawazo yamekwisha kufika kwenye fumbo linalofuata. Lakini palikuwa na wakati ambapo maneno hayo yaliwagawa waamini wa mji mmoja mkubwa. Askofu wao aliogopa kuyatamka kwa sauti, na walei wawili wakakesha pamoja na watu wakiyaimba. Yafaa tuijue habari yao, kwa sababu inatuonyesha jinsi mambo tunayoyasadiki juu ya Mungu yanavyokaa ndani ya namna yetu ya kusali, na jinsi sala nayo inavyoyalinda.

Swali lililoanzia Aleksandria

Yapata mwaka 318, padri mmoja wa Aleksandria, nchini Misri, jina lake Ario, alifundisha kwamba Mwana si Mungu kama Baba alivyo Mungu. Kwa maoni yake Mwana alikuwa kiumbe: wa kwanza na bora kupita vyote, lakini kiumbe. Ario hakuwa mtu wa mchezo. Alitaka kulinda umoja wa Mungu, na alijua pia namna ya kuwavuta watu. Mafundisho yake aliyatia katika nyimbo, nazo zikaenea miongoni mwa mabaharia, wasaga nafaka na wasafiri. Basi swali likatoka mikononi mwa wasomi likaingia bandarini na njiani.

Mfalme Konstantino, ambaye mwaka 313 alikuwa amewapa wakristu uhuru wa kumwabudu Mungu wao, aliona kwamba ugomvi huo unavunja amani. Mwaka 325 akawaita maaskofu wakutane Nisea, mji ulioko leo nchini Uturuki. Mapokeo yanasema walikuwa 318; wanahistoria wengi wanakadiria kati ya 250 na 300. Baadhi yao walikuwa na makovu mwilini, kwa maana dhuluma kali iliyoanza mwaka 303 ilikuwa bado haijasahaulika. Watu waliokuwa wameteswa kwa ajili ya Yezu Kristu sasa walitakiwa kusema waziwazi huyo waliyeteswa kwa ajili yake ni nani.

Mtaguso ulijibu kwamba Mwana amezaliwa na Baba bila kuumbwa, naye ni wa umungu ule ule mmoja. Neno la Kigiriki walilolichagua ni homoousios. Mababa hao hawakuishia kwenye mafundisho peke yake. Walipatana juu ya kuadhimisha Pasaka siku moja, na katika kanuni yao ya 20 waliagiza kwamba siku ya Dominika, na katika siku za Pasaka hadi Pentekoste, waamini wasali wakiwa wamesimama. Ndivyo imani ilivyoingia hata katika magoti ya watu: anayesadiki kwamba Bwana amefufuka husimama mbele ya Mungu kama mtu aliyeinuliwa.

Hoja iliyotokana na sala

Katika Mtaguso huo alikuwapo shemasi kijana, Atanasi, ambaye mwaka 328 alifanywa askofu wa Aleksandria. Kwa sababu ya kuitetea imani ya Nisea alifukuzwa kutoka jimbo lake mara tano, na jumla ya miaka aliyoishi uhamishoni ni kama 17.

Atanasi aliwakumbusha wafuasi wa Ario jambo walilokuwa wakilifanya wao wenyewe: walimwomba Kristu na kumwabudu. Ikiwa Kristu ni kiumbe, basi wanaabudu kiumbe, na hawana tofauti na wapagani. Aliongeza kwamba wokovu wote unategemea jambo hilo. Wachimbaji wawili walioangukia shimo moja hawawezi kutoana, hata kama mmoja ana nguvu kuliko mwenzake. Anahitajika aliye juu, naye akubali kushuka. Kama aliyetushukia hakuwa Mungu, sisi bado tuko shimoni, na ubatizo wetu haujatuunganisha na Mungu mwenyewe.

Askofu aliyenong'ona

Ushindi wa Nisea haukudumu. Baada ya Konstantino kufariki mwaka 337, mwanawe Konstansio aliwaunga mkono wapinzani wa Mtaguso, na maaskofu wengi wakafuata upepo wa ikulu. Antiokia, mji ambamo wafuasi wa Yezu waliitwa wakristu kwa mara ya kwanza, ulipata askofu jina lake Leonsio, aliyeshika kiti tangu mwaka 344 hivi.

Wakati huo waamini wa Antiokia walikusanyika katika kanisa moja, lakini zaburi ilipofika mwisho walitengana. Wengine walimtukuza Baba, *na* Mwana, *na* Roho Mtakatifu. Wengine walimtukuza Baba *kwa njia ya* Mwana, *katika* Roho Mtakatifu. Namna hii ya pili ilikuwa ya zamani na haina kosa ndani yake. Lakini wafuasi wa Ario waliifanya alama ya chama chao, wakidai kwamba "kwa njia ya" inamshusha Mwana chini ya Baba. Basi mtu akifungua kinywa, neno dogo moja lilitosha kumtambulisha.

Na Leonsio je? Theodoreto, mwanahistoria wa karne ya 5 aliyezaliwa katika mji huo huo, anasimulia kwamba askofu alipofika kwenye maneno yale aliyasema kimya. Waliosimama karibu naye walisikia tu sehemu ya mwisho, ile ya milele na milele. Hakutaka kuwaudhi hawa wala wale. Alichunga kundi kwa kunong'ona.

Walei wawili

Hapo ndipo walipojitokeza Flaviano na Diodoro. Hawakuwa mapadri wala mashemasi. Walikuwa walei walioishi maisha ya kujinyima, na mchana na usiku waliwahimiza watu kuishika imani ya kweli. Waliwakusanya waamini kwenye makaburi ya mashahidi wa dini, wakakesha nao katika kumsifu Mungu. Theodoreto anasema ndio waliokuwa wa kwanza kuwagawa waimbaji katika makundi mawili na kuwafundisha kuimba zaburi za Daudi kwa kupokezana. Desturi hiyo ilianzia Antiokia ikaenea kila mahali. Mwaka 386, Mtakatifu Ambrosi alipozingirwa na askari wa ikulu kanisani Milano pamoja na watu wake, aliwaimbisha kwa namna ya kanisa la mashariki ili wasife moyo.

Leonsio aliona jinsi watu walivyowapenda walei hao, akaogopa kuwakataza. Kwa maneno ya upole akawaomba wahamishie mikesha yao kanisani, mahali ambapo angeweza kuwaangalia. Walielewa nia yake, lakini walitii. Hawakuanzisha kanisa lao, wala hawakumtukana askofu. Lakini kutii kwao hakukuwa kunyamaza. Leonsio alipompa ushemasi Aetio, mtetezi mkali wa mafundisho ya Ario, walimwambia wazi kwamba hawataweza kushirikiana naye, na askofu akamwondoa Aetio katika huduma hiyo.

Tutazame vizuri silaha walizotumia: zaburi, mkesha, makaburi ya mashahidi, na sifa moja fupi iliyotamkwa kwa sauti. Watu wasiojua kusoma, ambao wasingeweza kufuata mabishano ya Kigiriki juu ya neno homoousios, waliishika imani ya Nisea kwa sababu waliiimba.

Sala yaingia katika Nasadiki

Miaka kama 20 baadaye ubishi ule ule ulimfikia Basili, askofu wa Kaisarea ya Kapadokia tangu mwaka 370. Alikuwa akitumia namna zote mbili za kumtukuza Mungu, na wengine wakamshutumu kwa kumweka Roho Mtakatifu sawa na Baba. Jibu lake, katika kitabu juu ya Roho Mtakatifu alichokiandika kama mwaka 375, lilitoka katika ubatizo. Yezu ameagiza tubatize kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kama tulivyobatizwa ndivyo inavyotupasa kusadiki, na kama tunavyosadiki ndivyo inavyotupasa kutukuza. Aeleza pia kwamba maneno yote mawili ni ya kweli: tunaposema "kwa njia ya" tunakumbuka neema inayotufikia kutoka kwa Mungu, tunaposema "pamoja na" tunaungama utukufu alio nao Mwana tangu milele.

Basili hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Mwaka 381 Mtaguso wa Konstantinopoli ulithibitisha imani ya Nisea na kuungama kwamba Roho Mtakatifu anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Maneno ya kuabudu na kutukuza ni maneno ya sala, nayo sasa yakawa sehemu ya Nasadiki tunayoitamka Dominika. Mwaka huo huo Flaviano alifanywa askofu wa Antiokia. Diodoro alikuwa tayari askofu wa Tarso, mji alikozaliwa Paulo Mtume.

Na sisi je?

Katika Misa, mwisho wa Sala ya Ekaristi, padri anapoinua mkate na kikombe husikika "kwa njia yake" na "pamoja naye", yote mawili, tena "ndani yake". Ubishi wa Antiokia umepata amani pale altareni. Nasi tumeachiwa neno moja tu la kujibu: Amina. Mara ngapi tunalinong'ona kama Leonsio?

Katika nchi yetu pia mlei mmoja alionyesha kwamba sala inaweza kumgharimu mtu maisha yake. Mwenye heri Isidore Bakanja alibatizwa mwaka 1906, akafanya kazi kwa wazungu wa kampuni moja ya Mkoa wa Ikweta. Alikatazwa kusali na kuwafundisha wenzake sala, akaamriwa kuvua skapulari yake. Alikataa, akapigwa viboko vibaya mno, na tarehe 15 Agosti 1909 akafa kwa majeraha hayo, rozari mkononi, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Bakanja hakuwa na vitabu vya elimu ya Mungu, ila alikuwa na ubatizo wake, na alisali sawasawa na ubatizo huo.

Leo vijana wengi wa parokia zetu huulizwa na marafiki wa makanisa mengine: Utatu mmeutoa wapi? Mbona hamkubatizwa upya? Baadhi yetu hutukana, wengine huona haya, na wengine hukubali kila kitu ili wasiudhi mtu. Flaviano na Diodoro wanatuonyesha njia nyingine: tujifunze imani yetu, tuitamke kwa sauti bila matusi, na tubaki ndani ya kanisa. Tukianza na ishara ya msalaba ifanywayo polepole, na ile sala fupi ya rozari isemwayo kwa moyo, tutakuwa tumekwisha kujibu nusu ya swali.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni sala gani tunayoitamka kila siku bila kufikiri? Inasema nini juu ya Mungu?
2. Flaviano na Diodoro walitii bila kunyamaza. Katika parokia yetu, jambo hilo linawezekanaje?
3. Rafiki akikuuliza kwa nini unamwabudu Yezu, utamjibuje kwa maneno yako mwenyewe?